Yule mwalimu wa tuisheni ya Kiingereza ya jioni hapa Mwanga, Kigoma, kanivua nguo mbele za watoto

Wakuu, naandika mkono unatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa miwani iliyofungwa kamba ya kiatu, anayejiona kazaliwa jikoni kwa Malkia.

Leo kaniinua nieleze maisha yangu ya zamani. Nikasimama, mtu mzima, miaka 41, muuza mawese, nikasema: "I would live in Ujiji." Akacheka! Chaki ikamdondoka, akaiokota huku anacheka, akaniuliza: "Mzee, ulikuwa unaishi, unakufa, kisha unaishi tena?" Darasa hoi. Kuna katoto ka darasa la saba kalicheka mpaka kakapaliwa na karanga.

Na juzi ni yeye huyohuyo kaandika ubaoni "I would go to Kibirizi to buy dagaa", akasema safi! Kwenda Kibirizi halali, kuishi Ujiji haramu? Kwetu ukisema "nilikuwa naishi" yameisha, hakuna anayekuuliza habari za kaburi. Unakufa, kisha unaishi tena!! Mbele ya katoto ka karanga!

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu, ila mwalimu yuko sawa 😂 "Would" ni ya vitendo ulivyokuwa unavirudiarudia: kwenda, kuvua, kugombana. Kuishi mahali, kupenda, kuwa na baiskeli, hizo ni hali, zinataka "used to". Kwa hiyo kweli ulikufa.

Mama Mwandiga: Kumbe uzi wa marehemu. Apumzike.

Kamba Nne: Mimi alinikata maksi kwa "Did you used to". Eti "did" ikitangulia, ile d ya mwisho ya "used" inadondoka. Idondokee wapi?

Mgebuka Mkavu: Ziwani.

Abiria wa Deki: Afadhali nyie. Mimi niliandika "liemba used to be called Graf von Goetzen". Akasema sarufi safi, historia safi, halafu akanikata kwa kuanza meli na herufi ndogo. Meli ya 1913, imezamishwa, imeibuliwa, ikaelea tena, herufi ndogo itaiua?

Kamba Nne: Hiyo ndiyo iliyokufa ikaishi tena 😂😂

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mimi nimedhalilishwa.

Mama Mwandiga: Marehemu, hayo mawese dumu la lita 20 bei gani?

Mleta uzi: Njoo PM dada. Ukichukua mawili tunaongea.