Shule wanataka saini yangu kwa kidonge, daktari ananitoa chumbani. Nimsikilize nani?

MamaWawili:
Habarini wakuu. Tunaishi Marekani. Wiki iliyopita muuguzi wa shule kanipigia: binti yangu wa miaka 13 kichwa kinamuuma, ila hampi hata kidonge cha maumivu maana sikusaini fomu. Nikaacha kazi, nikakimbia. Siku tatu baadaye tuko hospitali, daktari ananiomba nitoke "dakika kumi tu". Nyumbani nafungua akaunti yake mtandaoni, majibu ya vipimo siyaoni tena. Mtoto ni yuleyule jamani! Nasikia majimbo yanapitisha sheria za haki za wazazi, zitanisaidia? Na mshauri wa shule anayekaa naye kila Alhamisi, naweza kudai anachoandika?

Kalamu_Nyekundu:
Pole dada. Usichanganye shule na hospitali. Kwa shule ipo FERPA, sheria ya taifa ya 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi, inafanya kazi majimbo yote. Andika barua ya kuomba kuona kumbukumbu za mtoto, hawaruhusiwi kuzidisha siku 45. Haki hiyo ni yako mpaka afikishe 18 au aingie chuo. Ila daftari ambalo mshauri anajiandikia mwenyewe asisahau, na hajamwonyesha mtu, halimo. Barua weka nakala, maneno ya mdomoni wanayasahau.

Zamu_ya_Usiku:
Nafanya kazi wodini. Huku tunaangalia HIPAA, sheria ya taifa ya siri za wagonjwa. Kwa kawaida mzazi anaona taarifa za mwanawe, ila pale sheria ya jimbo inapomruhusu mtoto kukubali tiba mwenyewe, siri inakuwa yake. Magonjwa ya zinaa, karibu majimbo yote yanaruhusu, ingawa umri wa kuanzia hutofautiana. Hospitali nyingi hubana akaunti mtoto akifika miaka 12 au 13, kwa sababu mfumo wa kompyuta ni mvivu, hauchambui kipi cha siri na kipi cha kawaida. Nenda dirisha la kumbukumbu uombe majibu ya kawaida kwa karatasi. Mara nyingi wanatoa.

Baba_Mkali:
Miaka 13 ana siri gani? Ndiyo maana Florida walipitisha ile sheria ya haki za wazazi ya 2021, daktari hatibu mtoto bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Nawaunga mkono.

Zamu_ya_Usiku:
Mkuu, hata huko daktari anaweza kutibu bila saini kwa dharura, au pale sheria nyingine inaporuhusu. Halafu ukishaandika "hakuna tiba bila saini", na muuguzi wa shule naye anangoja saini. Dada kaacha kazi kwa hilohilo unalolishangilia.

Baba_Mkali:
Hapo umenibana kidogo. Msimamo wangu uko palepale.

MamaWawili:
Asanteni sana. Fomu ya kidonge nimesaini leo asubuhi, barua ya shule nimeituma. Zile dakika kumi nilimuuliza tukiwa kwenye gari, akacheka: "Mama, kaniuliza kama nalala vizuri." Sikumchimba zaidi. Usiku nikapita mlangoni kwake saa sita, taa bado inawaka.