Matembezi ya asubuhi na waandishi yamegeuzwa msafara wa mheshimiwa: waandaaji watujibu

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitajifanya nimetulia. Kongamano la hadithi za kisayansi ninalolilalamikia silitaji kwa jina, kwa kuwa waandaaji wake nimeshawaandikia na bado wana nafasi ya kujirekebisha kiungwana. Ila aliyekuwapo atalitambua mara moja.

Kwa wasioufahamu utaratibu wenyewe, matembezi haya yaliingia katika ratiba ya Worldcon, kongamano la dunia la wapenzi wa hadithi hizi lililoanzia New York mwaka 1939, pale lilipofanyika Denver mwaka 2008. Yaliendelea katika Worldcon zilizofuata, na makongamano mengine yakayaiga. Kundi hukutana asubuhi mahali palipotangazwa, hutembea polepole umbali wa kilomita moja na nusu au mbili, waandishi wakiwa wamechanganyika na wasomaji, kisha hurudi kabla vikao vya siku havijaanza. Hakuna kingine, na uzuri wake ulikuwa hapo hapo. Katika jopo mwandishi hukaa jukwaani nyuma ya meza na kipaza sauti. Katika kusaini vitabu kuna foleni, nawe ukifika mbele unapata muda wa kutamka jina lako tu. Katika mazungumzo ya meza ndogo viti ni vichache na orodha hujaa mapema. Matembezi pekee ndiyo yaliyomweka msomaji na mwandishi bega kwa bega, pasipo meza wala foleni kati yao.

Sasa waandaaji wetu wameichukua foleni ile ile na kuitoa barabarani. Waandishi wote wanne waliotangazwa siku ya kwanza walipangwa mbele ya kundi, pamoja, wakizungukwa na wafanyakazi wa kujitolea wenye fulana za rangi, nasi wengine tukaambiwa tufuate. Hebu tupige hesabu ambayo ilipaswa kupigwa nao: njia ya waenda kwa miguu inatosha watu watatu kwa safu, kwa hiyo kundi la watu sitini ni safu ishirini, na sauti ya mtu anayezungumza huku akitazama mbele haifiki hata safu ya nne, achilia mbali kelele za magari. Waliobaki wote walikuwa wanatazama visogo. Mwandishi mmoja, mwenye adabu kuliko waliomwalika, aliona aibu hiyo akaanza kutembea kinyumenyume ili watu wa nyuma wamsikie, mpaka kisigino chake kilipogonga ukingo wa barabara na akadakwa mkono asianguke. Badala ya kusimamisha kundi na kuligawa, kiongozi wa matembezi alimgeuza mbele na kumwomba aongeze mwendo kwa sababu muda ulikuwa umekwenda.

Mwendo ndio jambo linaloniudhi kupita yote. Watu wanaozungumza hawatembei kama watu wanaowahi treni, na hili linajulikana tangu mwanzo, kwani Denver kwenyewe ni mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako mgeni huhema hata akipanda mteremko mdogo. Wasomaji wetu wengi ni watu wazima, wengine wana magoti mabovu, wengine wanatumia kiti cha magurudumu au fimbo. Njia iliyochaguliwa ilikuwa na ngazi mahali pawili, na hakuna aliyetaja ngazi hizo katika tangazo. Dada mmoja aliyekuwa katika kiti cha magurudumu alifika kwenye ngazi za kwanza, akauliza njia mbadala, akaambiwa azunguke jengo na atatukuta upande wa pili. Hakutukuta, maana kundi halikusubiri. Nilipolieleza jambo hili kwenye dawati la habari nilijibiwa kwamba matembezi ni ya hiari. Ni ya hiari kwa nani? Yeye hakujiondoa kwa hiari yake. Ni ngazi zilizomwondoa.

Halafu kuna suala la adabu za wasomaji wenzangu, nalo silifumbii macho. Matembezi si mahali pa kumtwisha mwandishi mswada wako wa kurasa mia nne uliotiwa jalada la plastiki, kwa sababu hana mfuko wa kuubebea wala hana ruhusa ya kuondoka pale mlipo, na kumnasa mtu namna hiyo ni uonevu. Si mahali pa kumwekea simu usoni njia nzima ukimrekodi. Lakini hata hapa lawama inawarudia waandaaji, kwa sababu sentensi mbili tu kabla ya kuondoka zingetosha kuwaeleza watu nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, na sentensi hizo hazikusemwa asubuhi hata moja.

Najua utetezi unaokuja: kwamba makongamano haya huendeshwa na watu wa kujitolea wasiolipwa. Ni kweli, na nawashukuru. Hata Worldcon yenyewe huendeshwa hivyo. Ila waandishi nao wanajitolea usingizi wao, na sisi tunaohudhuria si wateja wa tiketi tulioingia kutazama nyota. Kwa utamaduni wa makongamano haya tunaitwa wanachama, na katika Worldcon ni wanachama hao hao wanaopendekeza na kupigia kura tuzo za Hugo, zinazotolewa kwa kazi bora za hadithi hizi. Mwanachama haambiwi afuate nyuma akae kimya.

Ninachodai hakihitaji fedha. Kundi likizidi watu kumi na tano ligawanywe, kila kundi liwe na mwandishi wake, na waandishi wabadilishane makundi katikati ya njia. Anayetembea polepole kuliko wote ndiye awekwe mbele, kwa sababu akiwekwa nyuma ataachwa tu. Umbali, ngazi na sehemu za kupumzika zitajwe katika ratiba iliyochapishwa. Mwandishi akishindwa kuja, jina lake lifutwe kwenye ubao kabla watu hawajaamka mapema kwa ajili yake, jambo ambalo nalo lilitukuta asubuhi ya pili. Na uwepo ukumbi wa akiba kwa siku ambayo hali ya nje ni mbaya: Agosti 2015 moshi wa mioto ya misituni uliufunika mji wa Spokane wakati Worldcon ikiendelea humo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba ninabuni hatari.

Waliohudhuria makongamano mengine waeleze hapa chini kundi liligawanywaje na nani alisimamia mwendo, ili niwaambatanishie waandaaji mifano halisi katika barua ya pili. Nataka iwafikie kabla ratiba ya kongamano lijalo haijachapishwa, maana baada ya hapo tutaambiwa kwamba imeshafungwa.