Naombeni ushauri: neno "match" nilifundishe vipi kidato cha kwanza?

Mwalimu_Kijana: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiingereza. Jana mwanafunzi wangu kakutana na sentensi "He struck a match", akaitafsiri "Alipiga mechi". Darasa zima likaangua kicheko, naye akainamisha kichwa. Nikamweleza hapo ni njiti ya kiberiti, neno ni moja ila lina maana nyingi. Akaniuliza: "Sasa mwalimu, mpira na moto vinahusiana nini?" Nikakosa jibu, nimelala nalo. Nimwambieje?

Bahari_Shwari: Havihusiani, mwalimu. Ulipoteleza ni pale uliposema neno ni moja. Ni mawili, yamefanana sura tu. La mechi ni la Kiingereza cha kale, "gemæcca", yaani mwenzi, mke au mume, mmoja wa jozi. Wawili wakilingana utawaoza, au utawashindanisha uwanjani. Hata tukisema viatu vimemechi na mkoba, ni neno hilohilo. La moto limetoka Ufaransa: "meiche", utambi wa taa, na hadi leo Wafaransa huuita "mèche". Utambi ulilipua baruti za bunduki na mizinga karne nyingi kabla ya njiti za kusugua, ambazo John Walker, mfamasia wa Stockton-on-Tees, Uingereza, alianza kuziuza mwaka 1827. Njiti zikarithi jina la utambi.

Mama_Pacha: Mimi ningeanzia nyumbani. Andika ubaoni: kaa kitini, kaa wa baharini, kaa la moto. Waulize kama yule wa baharini kaitwa hivyo kwa kuwa anakaa. Wakishaelewa, wafungulie kamusi ya Kiingereza wajionee "match" imeingizwa mara mbili, kila moja na namba yake.

Mzee_wa_Pwani: Msikisahau kiberiti chenyewe. Ni Kiarabu, "kibrit", maana yake salfa. Hiyo "ki" ni sehemu ya neno, ila masikioni mwetu ikawa kama ya kisu na kiti, tukazaa viberiti. Ndiyo maana kwa Waingereza tulichukua mechi ya mpira tu. Ya moto tulishakuwa na jina lake.

Mwalimu_Kijana: Asanteni sana wakuu. Kesho naanza na kaa, kisha kamusi. Lakini kabla ya yote nitaliambia darasa kwamba mwenzao aliuliza swali ambalo mwalimu wao hakulijua, na majibu yote haya yamepatikana kwa sababu yake.