Reli ya balkoni inapimwa kwa MKANDA WA SURUALI? Wakuu njooni huku

ChumaChakavu:
Wakuu, salamu baadaye. Yule fundi grili, mnamjua, simtaji, yule wa pikipiki yenye ngazi ubavuni. Leo mchana kwenye balkoni ya ghorofa ya kwanza kule Isyesye, Mbeya, nimemuuliza reli inakuja urefu gani, akajishika mkanda wa suruali. MKANDA! "Inaishia hapa, kiunoni, inatosha." Nikamwonyesha vipimo kwenye simu, akanijibu mbele ya saidia fundi wote: "Mambo ya kwenye simu achana nayo, reli ni urembo tu."

Kiuno cha nani? Yeye mwenyewe ukimtumbukiza kwenye debe la mahindi unamtafuta kwa kijiti. Mkanda wake umesoma sm 85 kutoka chini. Mtu wa sm 170 akisimama, uzito wake ni kama umekusanyika kwenye sm 95 hivi, karibu na kitovu. Reli ikimgusa chini sana ya hapo haimzuii, inampindua, kama gunia kwenye ubao wa Fuso.

Marekani, nyumba ya familia: sakafu ikizidi inchi 30 kutoka ardhini, reli ni inchi 36 kwenda juu, futi tatu kamili. Majengo ya watu wengi, 42. Uingereza balkoni ni sm 110. Hakuna walipoandika mkanda.

Na hizo 85 kazipima kutoka kwenye zege tupu! Bado sakafu sm 4, bado gundi na marumaru sm 1.5. Toa. Zinabaki 79 na nusu. Meza ya kulia ugali ni 75. Kajishika mkanda, wakuu. Mkanda.

Mama_Uyole:
Povu lote hili ni kwa sababu umeambiwa uachane na simu? Pole baba, kunywa maji.

FutiKamba:
Urefu ni nusu ya kesi. Mapengo je? Kipimo ni mpira wa inchi 4, sm 10 na kidogo, usipite popote. Kichwa cha mtoto mdogo kinabana pale mwili ulipokwisha kupita. Uwazi wa mita 3 kwa paipu za mm 25 unataka paipu 24, mapengo yanatoka sm 9.6. Mafundi wetu wanaweka 14 na kusema "imependeza". Piga hesabu: sm 17.7. Anapita mtoto na mdoli wake.

ChumaChakavu:
Huyo kaweka 13! Ila turudi kwenye mkanda.

NjitiMbili:
Mleta mada na wewe simama tukupime, isije ikawa una wivu wa kiuno.

MwanaRungwe:
😂😂 Afadhali hata hizo za wima. Siku hizi kila ghorofa Mbeya ni vyuma vya kulala, eti kisasa. Mtoto wa miaka mitatu anaona ngazi. Reli ya sm 110 yenye vyuma vinne vya kulala, akikanyaga cha pili umebaki na sm 60 na kitu.

Bolti12:
Wote mnaangalia juu, mimi naangalia chini. Wamarekani wanataka reli ihimili ratili 200 zikisukuma juu pale, kilo 90 hivi. Kwenye sm 91, ndizo zile futi tatu, na bolti zako kwenye kile kibati cha chini ya nguzo zimeachana sm 6: 90 mara 91 gawa kwa 6. Bolti za nyuma zinang'olewa kwa nguvu ya kilo 1,365. Sasa fundi anazitoboa sm 3 kutoka ukingoni mwa zege, zege linameguka kama andazi. Bolti ya mm 10 irudi ndani sm 10. Na skwea paipu ya nguzo iwe 40 kwa 40 yenye unene wa mm 2, siyo ile ya 1.2 inayobonyea kwa kidole.

Tukuyu_Mvua:
Huku kwetu hata mm 2 haifiki mbali wakiacha juu wazi. Maji yanaingia, yanatuama kwenye kitako cha nguzo, kutu inakula kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Ziba juu kwa kuchomelea, toboa tundu la mm 6 chini, piga rangi ya kuzuia kutu KABLA ya kusimika. Wanapaka baada, mnalipia vipodozi.

MsindanoMkavu:
Afadhali nyie wa chuma. Mbao! Msindano wa Mufindi unauziwa ukiwa unatoa jasho, "nne kwa nne" ukiishika tepu inasoma tatu na nusu, mwezi mmoja imejikunja kama nyoka. Halafu fundi anaishikiza nguzo kwa misumari badala ya bolti mbili za mm 12 za kupenya mpaka upande wa pili.

Mama_Uyole:
Hapo kwenye nne kwa nne nakuunga mkono. Tunaibiwa nusu inchi kila upande tangu lini?

ChumaChakavu:
Jamani, MKANDA.

FutiKamba:
@MsindanoMkavu iliyokauka kweli naipata wapi, Mafinga au hapa Mwanjelwa?

MsindanoMkavu:
Njoo pm. Beba tepu yako.