Tim Maia aliikana albamu yake mwenyewe. Sisi tuna ruhusa ya kuicheza?

Mtoa mada:

Wakuu, salaam. Hili nimebishana na rafiki yangu wiki mbili sasa, kila mmoja kashikilia lake. Nalileta hapa.

Kwa wasiomjua: Tim Maia, jina la kuzaliwa Sebastião Rodrigues Maia, alikuwa mwimbaji wa Rio de Janeiro, mtoto wa Tijuca. Mwaka 1959 alikwenda Marekani akiwa kijana mdogo, akakaa miaka kadhaa, akakamatwa na bangi, akarudishwa kwao. Alirudi na soul, muziki wa Wamarekani weusi, kifuani. Albamu yake ya kwanza, ya 1970, ikamfanya jina kubwa Brazil nzima.

Sasa njoo 1974. Yuko studio na kampuni ya RCA, wanaandaa albamu ya santuri mbili. Besi, gita, dramu na vipulizo vimesharekodiwa. Yamebaki maneno. Kwenda kumtembelea rafiki, akakuta kitabu cha kikundi kiitwacho Cultura Racional, chenye makao Baixada Fluminense, nje ya Rio, chini ya Manoel Jacintho Coelho. Mafundisho yao kwa ufupi: binadamu ametoka ulimwengu mwingine akaangukia huku, na njia ya kurudi ni kukisoma kitabu. Tim akasoma, akazama. Akaacha pombe, akaacha bangi, akapungua mwili, akavaa nyeupe na kuivalisha bendi nzima nyeupe. Kisha akarudi studio, akaimba habari za kitabu juu ya muziki ule ule uliokuwa ukisubiri maneno.

RCA walisikiliza wakakataa. Naye akazinunua kanda zake, akazitoa kwa lebo yake, Seroma, yaani mianzo ya majina yake matatu: Se, Ro, Ma. Juzuu ya kwanza ya Tim Maia Racional ikatoka 1975, ya pili 1976. Muda si mrefu akaona kadanganywa. Akatoka kwa hasira, akaziondoa santuri sokoni, akaamuru zilizobaki ziharibiwe, na nyimbo zile akazifungia. Akafariki Machi 1998, ana miaka 55. Mwaka 2006 kampuni ya Trama ikaitoa upya juzuu ya kwanza, na mwaka uliofuata ikaingia katika orodha ya albamu 100 bora za Brazil ya jarida la Rolling Stone la huko huko. Kazi aliyotaka ife ndiyo wengi wanayomjulia leo.

Rafiki yangu anasema kuicheza ni kumdharau marehemu. Mimi nasema tuicheze, na sababu yangu kubwa ni hiyo ya kanda. Muziki ulitangulia, dini ikaja juu yake. Mpiga besi alipoingiza vidole vyake hakuwa anahubiri chochote, alikuwa anafanya kazi. Sasa mtu mmoja akiyajutia maneno yake, jasho la wenzake nalo lizikwe?

Halafu ile sauti. Wakuu, sikilizeni "Bom Senso". Anaanza taratibu kama mtu anayekiri mambo yake kwa jirani: nimetanga, nimekosea, nimelala barabarani. Bendi inamwacha aongee. Kisha fanki, mdundo wa kuchezeka wa besi na dramu, inaanza kupanda chini yake, na koo lile, lililopumzishwa moshi na pombe, linafunguka mpaka unaiangalia spika. Hakuwahi kuimba hivyo kabla, na kwa masikio yangu hakuimba hivyo tena baadaye. Tuitupe hii kwa sababu alibadili mawazo?

Karibuni.

Mchangiaji 1:

Mtoa mada umeeleza vizuri, ila umejifunga goli mwenyewe. Umesema alizinunua kanda. Basi ni mali yake. Ingekuwa RCA wamezitoa, asingeweza kuondoa hata nakala moja dukani, angelia tu kama wasanii wengine wanavyolia na kampuni zao. Huyu alikuwa mmoja wa wachache wenye lebo yao Brazil ya wakati ule, na uhuru huo alioulipia kwa fedha yake aliutumia kusema: hapana, hii basi. Halafu marehemu hana mdomo, miaka minane baadaye mtu anachapa CD. Tunashangilia msanii kumiliki kazi yake anapouza. Akiamua kutouza tunamwambia kazi ni ya umma. Tuchague moja.

Mchangiaji 2:

Mkuu nina swali dogo. Unaelewa Kireno?

Mtoa mada:

@Mchangiaji 2, sielewi, na umenigusa penyewe. Mwaka mzima niliipenda bila kujua anasema nini. Nilidhani ni nyimbo za mapenzi. Siku moja jamaa yangu aliyewahi kukaa Maputo akaja nyumbani, nikamwekea kwa fahari nikamwambia nitafsirie. Akasikiliza wimbo wa kwanza, akasema: "Anasema soma kitabu." Wa pili: "Anasema soma kitabu." Wa tatu akacheka tu. Ule wa mwisho wa juzuu ya kwanza, wa dakika kama 12, sikuhitaji mkalimani maana anaimba kwa Kiingereza. Nao ni kitabu.

Nilijisikia mjinga kidogo, sitaki kudanganya. Lakini sikuizima.

Mchangiaji 2:

Ndipo hapo. Usitutenganishie muziki na maneno kama mtu anayechambua mchele. Hakuna wimbo wa mahubiri halafu wimbo wa starehe mle ndani, yote ni tangazo la kikundi, na mwenye sauti alikuja kusema tangazo lilikuwa uongo. Sisi hapa tunao waimbaji wa dansi waliookoka, wanasema nyimbo zangu za zamani msinipigie. Madijei wanapiga. Watu wanasema ni ushamba kumzuia dijei, sawa, lakini angalau yule mwimbaji yupo hai, anaweza kujibu. Na jambo jingine: wapo watu mpaka leo wanaoiamini Cultura Racional. Ukiicheza kwenye baa watu wakikata viuno, unamcheka nani? Marehemu, au wao?

Mchangiaji 3:

Mabibi na mabwana, hamjataja warithi wa kweli wa albamu hii. Nao si ndugu wa damu, wala si wakusanyaji wa santuri wa Ulaya, wala ule mkusanyo wa nyimbo zake uliotolewa mwaka 2012 na Luaka Bop, lebo iliyoanzishwa na mwanamuziki David Byrne. Warithi ni vijana wa pembezoni mwa São Paulo. Mwaka 1988 likaanza kundi la rap la Racionais MC's, na jina hilo chanzo chake ni albamu hii hii. Mwaka 1993 wakachukua kipande cha wimbo mwingine wa Tim wa miaka ile, "Ela Partiu", wakajenga juu yake kisa cha mtu aliyetoka jela na hapati pa kuanzia maisha. Neno "racional" halikubaki kwa mtu mwenye kitabu. Likawa neno la kijana mweusi anayesema tumia akili usije ukauawa.

Sasa Tim angefaulu kuziteketeza zote, hawa wangelitoa wapi jina? Santuri moja ilibaki kwenye kabati la mtu, ikapigwa, ikanakiliwa kwenye kaseti. Maji yakimwagika hayazoleki, hata mwenye ndoo akitaka.

Mchangiaji 1:

@Mchangiaji 3 hiyo nzuri, nakubali nusu. Aliyeinunua 1975 kwa fedha yake ana haki ya kuipiga mpaka sindano iishe. Hata Tim hakwenda majumbani kuwanyang'anya watu. Ila kuichapa upya na kuiuza ni jambo jingine. Unaniambia historia imenusurika kwa kaseti, kwa hiyo kampuni iingize fedha?

Mchangiaji 3:

Kwa hiyo unataka tuisikilize, ila ya wizi.

Mchangiaji 1:

Nataka ukiisikiliza usijifanye umealikwa.

Mtoa mada:

Hapo mmenibana. Nilikuja na msimamo wa kuuza na kucheza vyote, sasa kwenye kuuza nimelegea. Ningeona afadhali ikitolewa upya, mkasa mzima uandikwe kwenye kava, mbele na si kwa herufi za sisimizi nyuma: mwimbaji wa kazi hii aliikana. Mnunuzi aamue.

Kwenye kuicheza bado sijalegea. Jana usiku niliiweka tena, sauti ya chini. Jirani yangu mama mmoja mtu wa kanisa akapita dirishani, akasimama kidogo, akasema, "Baba, kwaya yenu hiyo inaimba vizuri, ni ya usharika gani?" Nikabaki nimeshika rimoti.

@Mchangiaji 2, wewe ungemjibu nini?