Nywila na nywele: fomu za umma ziandikwe Kiswahili cha nani?

Mleta mada, Tabora mjini

Juzi nilipanga foleni kwenye ofisi moja hapa mjini. Mbele yangu mama mtu mzima, kilemba kimemkaa sawasawa, kadi yake kaifunga kwenye pindo la kanga. Karani, kijana mwenye adabu zake, akamwambia, "Mama, ingiza nywila." Mama akapeleka mkono kichwani, akakirudisha kilemba nyuma ya sikio. "Nywele zimefanya nini tena, mwanangu?"

Tulicheka foleni nzima, na yeye akacheka. Lakini nimerudi nyumbani na swali, nalileta hapa. Fomu, mashine na matangazo ya huduma za umma yaandikwe kwa maneno ya kamusi, yaani nywila, kishikwambi, tarakilishi, au kwa yale tunayosema kila siku, paswedi, tableti, kompyuta?

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnipige vizuri. Mimi sina ugomvi na neno la kigeni, wala na neno jipya. Ugomvi wangu ni na neno lisilochezeka. Neno ambalo hakuna aliyelitania, hakuna mtoto aliyelikosea, hakuna fundi aliyelikata mkia, hilo bado lina viza tu, uraia halijapata.

Chukueni hela. Nani leo anaiona ngeni? Kumbe ni Heller ya Wajerumani, na Heller yenyewe ilipewa jina la mji wao mmoja uitwao Hall. Mwaka 1916, vita imewabana na bahari imefungwa, walizipiga hela hapahapa Tabora, za shaba, vipande vya 5 na vya 20, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Mjerumani akaondoka, hela ikabaki. Sasa sikieni utamu wake: rupia yao mwanzoni iligawanywa kwa pesa 64, halafu kuanzia 1904 ikawa hela 100. Pigeni hesabu. Pesa moja ni hela moja na nusu na ushee! Kwa hiyo anayewaambia "nina pesa" ni tajiri kuliko anayesema "nina hela", na mkimkopesha mtu pesa akarudisha hela, kawapunja.

Na hiyo hela mnapanda nayo daladala. Dala ni dola, jina la utani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli Dar es Salaam, na dola kwa babu yake ni thaler, fedha ya kijiji cha Joachimsthal, huko ambako siku hizi ni Ucheki. Kijiji na mji vya Ulaya vinagombania nafasi mfukoni mwa konda, na hakuna kamati iliyokaa.

Nendeni pia kwa fundi baiskeli wa Ng'ambo, mtaa wetu wa hapa Tabora. Atawaambia, "Madigadi yote mawili mazima, ila digadi la nyuma limepinda." Mwingereza alileta neno moja zima la kinga ya matope. Fundi akaliona lina "ma" mbele, akajua ni wingi, akaling'oa. Hiyo ndiyo sarufi, jamani. Vivyo hivyo kipilefti, ile "keep left" ya barabarani, ikizidi moja ni vipilefti. Niambieni sasa nywila imechezewa wapi?

Mchangiaji, mwalimu wa sekondari, Nzega

Mleta mada unachekesha, ila hoja yako ina tundu. Kabla ya Sensa ya Agosti 2022, ungeniambia kishikwambi ningetafuta fagio nikijua ni mdudu. Karani akaja nacho mlangoni. Wiki moja tu, watoto wa mtaani wanaimba kishikwambi. Baadaye vikagawiwa sisi walimu, na leo chumba cha walimu ukisema "tableti" unaulizwa unaumwa nini. Hakikutaniwa kwanza. Kilikuja na kitu mkononi, basi. Nywila ingekuja na kitu kinachoshikika ungeiona inavyokimbia.

Na "mwenyekiti" je? Neno zima linasema mwenye kiti. Siku ya kwanza kulisikia lazima kuna mzee aliuliza, "Sisi wengine tumekalia nini?" Leo hakuna anayelisikia kiti ndani yake. Maneno ya kamusi yapewe muda, na muda wenyewe unapatikana kwa kuyaandika kwenye fomu. Yasipoandikwa yatazoeleka vipi?

Barakoa nayo, 2020 tuliambiwa ni neno la BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tukanuna.

Mleta mada

Mwalimu, kishikwambi nakupa. Barakoa sikupi. Ile haikubuniwa, iliamshwa usingizini. Ni neno la Kiarabu lililokuwa jina la kile kifuniko cha uso walichovaa wanawake wa Kiarabu kule Zanzibar, lilikuwepo miaka yote. Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Kabla ya kufinyanga neno jipya, kwa nini tusipekue ghalani?

Ikulu ni ya nani? Ni yetu. Kwa Kinyamwezi ikulu ni makao ya mtemi. Rais anaishi ndani ya neno letu na hatulipi kodi. Ng'atuka nalo Mwalimu Nyerere alilitoa kwao Uzanaki, na 1985 akalitenda kabisa. Maneno hayo hayakuhitaji semina.

Mchangiaji, Ujiji

Mwakeye! Nyie wa Tabora mkiachiwa, kamusi yote itaanza na mtemi wenu Mirambo. Mkileta la Kinyamwezi, sisi tunaleta la Kiha, Wamanyema wa Ujiji nao wana yao, nchi ina lugha zaidi ya 120. Nani atapima? Uzuri wa neno la kubuni ni kwamba halina mjomba wa kulipigia debe.

Lakini nakuunga mkono kwa kitu kimoja, na ushahidi wangu unaelea, au ulikuwa unaelea. Meli yetu ya Liemba iliunganishwa Kigoma, ikashushwa majini 1915 ikiwa na jina la gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina Liemba, jina ambalo watu wa kusini waliliita ziwa hilihili. Meli iliibuliwa, jina la gavana likaachwa chini na dagaa.

Mchangiaji, mama wa Isevya

Mnabishania maneno ya mashine, mji wenu wenyewe mnajua maana yake? Wazee wetu walituambia Tabora imetoka kwenye matobolwa. Vijana wa sasa wanachanganya matobolwa na michembe. Michembe unakata viazi vibichi unaanika. Matobolwa unachemsha kwanza, unamenya, unakata, ndipo unaanika juani mpaka vikakamae kama kwato, ukitafuna taya linajua. Mji mzima umeitwa kiazi na hakuna aliyelalamika.

Halafu kuna jambo linaniudhi. Mtoto wa shangazi yangu yuko Dar, ananiambia kaka yake kahamia Unyamwezini. Nikafurahi, nikamuuliza, Isevya hii au Cheyo? Akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe kwao Unyamwezini ni Marekani! Sasa hilo BAKITA wanalijua? Wamarekani wamekuwa Wanyamwezi, sisi tumekuwa nani?

Mchangiaji, dereva wa lori, yuko Uvinza

Mama umemaliza. Mimi swali langu dogo: treni ya umeme ya SGR imeanza Dar kwenda Dodoma 2024, moshi haina. Ikifika Tabora tuiite garimoshi la nini?

Mwalimu, Nzega

Tutaiita treni, kama unavyoiita. Garimoshi lilishakufa kwenye ulimi, linaishi kwenye mtihani. Haya, huo nao ni ushindi wa mleta mada, nakiri kwa shingo upande. Ila fomu siwezi kuiachia mtaa. Leo paswedi, kesho kila wilaya na tahajia yake. Wewe ungeandika nini kwenye ile mashine?

Mleta mada

Ningeandika "neno la siri". Maneno matatu, yote ya nyumbani.

Mama wa Isevya

Na yule mama wa kilemba aliishiaje?

Mleta mada

Nilikuwa naficha hili kwa sababu linanivunjia hoja. Karani alipoona nywila imegoma, alimwinamia kwa upole, akasema, "Mama, namaanisha neno lako la siri." Mama akamtazama, akatutazama na sisi wa nyuma, tuko kama ishirini. "La siri? Na hawa wote?" Akaifunga tena kadi kwenye pindo la kanga, akatoka.

Keshokutwa nitapita tena pale.