Tokeni za muda za hifadhi ya wingu: ufunguo wa akaunti, ukasimu, au seva ipitishe faili?

Mjenzi_09
Wakuu, salaam. Ijumaa natakiwa kufunga uamuzi huu na bado nayumba. Faili za wateja ziko Azure Blob (hifadhi ya faili ya wingu la Microsoft), kontena, yaani folda kuu ya faili, imefungwa kwa umma, na kila mteja apewe kiungo cha faili yake kinachokufa baada ya muda. Naona njia tatu: kusaini tokeni (kibali cha muda kinachobandikwa kwenye kiungo) kwa ufunguo wa akaunti, ile siri kuu ya hifadhi nzima, kusaini kwa ufunguo wa ukasimu, yaani ufunguo wa muda unaoombwa kwa utambulisho wa programu, au faili zipite kwenye seva yetu bila tokeni. Ipi ina nafuu?

Bi_Nywila
Nusu ya swali umebaki nayo, mkuu. Faili zina ukubwa gani? Kiungo kiishi dakika ngapi? Ni kupakua tu au watapakia pia? Msimbo unaendeshwa ndani ya wingu hilo au nje?

kamba_tatu
Wakati tunamsubiri: ufunguo wa akaunti usiuguse. Wingu halitunzi orodha ya tokeni ulizotoa. Linakokotoa upya saini ya tokeni (HMAC-SHA256) na kulinganisha, basi. Tokeni ikivuja, huna pa kuifuta. Utabadilisha ufunguo, na hapo zinakufa tokeni zote zilizosainiwa nao pamoja na kila programu inayoutumia. Ukasimu hauachi siri ya kudumu kwenye mipangilio, na ufunguo wake hauzidi siku 7.

Mzee_Logi
Hapo umeruka jambo. Ipo sera ya ufikiaji inayohifadhiwa kwenye kontena. Tokeni huitaja kwa kigezo `si`, na ukiifuta sera, tokeni zote zinazoitaja zinakufa bila kugusa ufunguo. Kasoro ni kwamba kontena moja inabeba sera 5 tu, kwa hiyo usifikirie sera kwa kila mteja. Na tokeni za ukasimu hazikubali sera hizo.

Mjenzi_09
Samahani kwa kuacha hayo. Faili ni kuanzia MB 2 hadi GB 4. Kiungo dakika 10. Kupakua kwanza, kupakia baadaye. Python, ndani ya wingu hilohilo.

Bi_Nywila
Basi seva iweke kando: GB 4 kwa kila mteja itakula kipimo data chako chote. Nenda na ukasimu. Utambulisho wa programu upewe `Storage Blob Delegator` ili uombe ufunguo, pamoja na ruhusa ya kusoma data yenyewe, maana tokeni haiwezi kumpa mtu kitu ambacho aliyeisaini hana. Usiombe ufunguo upya kwa kila kiungo. Omba mmoja, utunze kwenye kumbukumbu kwa saa kadhaa, na hakikisha `se` ya tokeni (muda wa kuisha) haivuki mwisho wa ufunguo.

Dakika 10 kwa GB 4 zinanitia shaka. Kila ombi hukaguliwa upya. Mtandao ukikatika dakika ya 12 na kipakuzi kikaomba kipande kilichobaki, hilo ni ombi jipya na litapata 403, yaani kukataliwa. Weka saa moja kwa faili kubwa. Na `st` (muda wa kuanza) iache kabisa, au irudishe nyuma dakika 15, la sivyo saa ya seva yako ikitangulia kidogo tu, tokeni inakataliwa dakika za mwanzo.

Kipanga
Saa mnaisema sana, ila kinachotesa watu ni alama ya `+`. Sehemu ya tokeni hii hapa:

`sr=b&sp=r&se=2025-03-01T10:15:00Z&spr=https&sig=k7x%2BQ9...%3D`

Saini (`sig`) ni baiti 32, na zikiandikwa kwa herufi za base64 zinakuwa herufi 44. Karibu nusu ya saini zitakuwa na `+` angalau moja, ambayo ndani ya kiungo huandikwa `%2B`. Kwenye mfumo mmoja kiungo kilipitia huduma ya kutuma barua iliyofungua `%2B` kuwa `+`, na hatua iliyofuata ikaisoma `+` kama nafasi tupu. Matokeo: kiungo kimoja kinafunguka, kingine kinakataliwa, na ukitengeneza upya wakati mwingine kinakubali, kwa sababu saini imebadilika. Watu walihangaika na saa na ruhusa siku nzima. Dalili ni hiyo: ikikataa kwa kubahatisha, angalia `sig` iliyofika kwenye logi kabla ya kitu kingine. Ukikuta `%252B`, imesimbwa mara mbili, ugonjwa ni uleule.

swala_mbio
Ungehamia S3, hifadhi ya Amazon, ungepumzika. Mstari mmoja wa boto3 (maktaba yao ya Python), kazi imeisha.

kamba_tatu
Hapumziki. S3 ukomo ni sekunde 604800, siku 7 zilezile, na ukisaini kwa vitambulisho vya muda, kiungo kinakufa pamoja navyo hata kama uliandika siku 7. Google nako, saini zao za V4 zina ukomo huohuo.

swala_mbio
Sawa, lakini kwa kupakia, ombi la POST la S3 linaweka ukomo wa ukubwa wa faili kwa `content-length-range`. Tokeni ya Azure haina kitu hicho.

Mjenzi_09
Hilo la kupakia linanigusa. Nikitoa ruhusa `sp=c` (kuunda faili mpya tu) badala ya `w` (kuandika), mteja hawezi kufuta faili iliyopo kwa kuandika juu yake, sivyo?

Mzee_Logi
Ni kweli, ila kuna mtego. `c` inatosha faili ikiingia kwa ombi moja la Put Blob, na usisahau heda `x-ms-blob-type: BlockBlob`. Maktaba ya Python ikivuka MB 64 hukata faili vipande, na Put Block, ombi la kutuma kipande, inadai `w`. Utaona faili ndogo zinapita, kubwa zinarudi na 403.

Bi_Nywila
Ndiyo maana mimi hutoa `w` kwenye kontena ya mapokezi peke yake, jina la faili likitungwa na seva, kisha ukubwa unakaguliwa ndipo faili inahamishwa.

Kipanga
Au apandishe `max_single_put_size`, kile kikomo cha MB 64 cha maktaba, abaki na `c`. Put Blob moja inabeba hadi MiB 5000.

Bi_Nywila
GB 4 kwa ombi moja, mtandao ukikatika unaanza sifuri. Mjenzi, wateja wako wanapakia kwa kivinjari au kwa programu?